Waunda baiskeli walioitengeneza 'Mark 4'

Ikiwa miaka ya nyuma uliwahi kumwona polisi wa utawala akilinda ofisi ya chifu na bunduki ndefu ya kitako cha mbao, basi yaelekea uliiona 'Mark 4', ambayo jina lake hasa ni Lee-Enfield. Lakini je, wajua kwamba baadhi ya bunduki hizo ziliundwa na kampuni ya baiskeli na pikipiki?

Kampuni hiyo ni BSA ya Birmingham, Uingereza. Ilianzishwa mwaka wa 1861 na mafundi wa bunduki walioona kiwanda cha serikali cha Enfield, chenye mashine mpya, kikiwanyang'anya riziki. Ubaya wa biashara hii ni kwamba vita vikiisha, mteja naye hutoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kazi ilikauka, kiwanda kikafungwa kwa muda, na mnamo 1880 wenyewe wakageukia baiskeli. Ndiyo sababu nembo ya BSA ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Sijui ni wazee wetu wangapi walioziendesha bila kujiuliza!

Usiku wa Novemba 19, 1940, ndege za Ujerumani zilikishambulia kiwanda chao cha Small Heath. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa kazini. Jengo liliwaporomokea, na 53 wakafa. Serikali ilikitegemea mno kiwanda hicho, kwa hivyo kazi ikatawanywa. 'Mark 4' ikaundwa na BSA huko Shirley, na viwanda vya serikali vya Fazakerley na Maltby, na kile cha serikali ya Kanada cha Long Branch, na pia kampuni ya kibinafsi ya Savage huko Marekani.

Hizi za Savage, zaidi ya milioni moja, ndizo zenye kichekesho. Kufuatia sheria ya Machi 1941, Waingereza walizipata kwa mkopo. Basi zikapigwa chapa kwamba ni mali ya Marekani, ilhali jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa na bunduki za aina nyingine kabisa!

Na BSA? Pikipiki zilipokosa soko, mwaka wa 1973 ililazimika kuunganishwa na kampuni nyingine, kwa fedha za serikali ile ile iliyokuwa mteja wake. Baadaye sehemu kubwa ya kiwanda cha Small Heath ikabomolewa.