Je, Wajua? Thamani si Dhamana, Wala si Samani

Je, wajua kwamba herufi moja au mbili zaweza kubadilisha kabisa maana ya karatasi za mzigo pale Kasesya, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia wilayani Kalambo, mkoani Rukwa?

Thamani ni kiasi ambacho kitu kinastahili kwa fedha. Ushuru wa forodha wa bidhaa nyingi hukokotolewa kwa asilimia ya thamani hiyo. Dhamana ni ahadi ya kulipa. Mzigo unaopita tu nchini, kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, haulipiwi ushuru wa Tanzania. Ila chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, huwekewa dhamana, ili ukishushwa njiani kinyemela serikali isipoteze haki yake. Ikithibitishwa kuwa umevuka, dhamana hufutwa.

Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, kila moja na mzizi wake. Wengi wetu wa bara tunatamka th kama s, na hapo ndipo linapojipenyeza neno la tatu: samani, yaani meza, viti, vitanda na makabati. Utakuta mtu ameandika "thamani za ofisi", kosa linaloudhi kwa sababu linazuilika. Sentensi sahihi ni hii: samani zile zina thamani kubwa, kwa hiyo zimewekewa dhamana.