Biashara ya mikroni kwenye rimu za magari

Gari lililotumika likishushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, mnunuzi hutazama bodi na rimu kabla hata ya kufungua boneti. Wenye yadi wanalijua hilo, ndiyo maana gari haliwekwi mbele ya wateja kabla ya kuoshwa na kupigwa polishi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania inaruhusu magari ya zamani zaidi, ila hutoza ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Kote kuwili, magari mengi yanayotoka Japani hufika na rimu za aloi za kiwandani, na nyingi kati ya hizo zimepakwa tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ikichakaa, rimu hupauka na kuonyesha mistari myembamba kila jua linapoipiga. Mnunuzi akiiona mistari hiyo, bei huanza kujadiliwa upya.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya kuondoa mikwaruzo midogo kwenye rimu. Utaikuta kwenye sehemu za kuoshea magari, kwenye gereji za rangi, na jirani na maduka ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala. Kuianza hakuhitaji mtaji mkubwa: mashine ndogo ya kusugulia, sponji, chupa mbili za polishi na vitambaa safi. Kwa sababu mlango ni mpana hivyo, wameingia wengi wasiojua wanachokigusa.

Rimu ya aloi ni alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo. Juu ya chuma hicho hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mwisho klia. Unene wa klia kwa kawaida ni kati ya mikroni 30 na 50, na milimita moja ina mikroni 1,000. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko klia yote inayoilinda rimu yako. Fundi anapouondoa mkwaruzo haujazi. Anachofanya ni kuishusha klia iliyouzunguka mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo wenyewe. Kila anaposugua, unene huo hupungua kwa mikroni chache, na haurudi. Kwa hiyo mteja anaponunua mng'ao, sehemu ya malipo inatoka kwenye akiba yake mwenyewe. Ukweli huu ndio unaopaswa kuongoza bei, ushauri na mafunzo ya kazi hii, na sokoni ni nadra kuusikia ukisemwa.

Mikwaruzo yenyewe mara nyingi hutengenezwa kwenye kuosha. Vijana wa kuosha magari kwa kawaida hulipwa kwa kila gari, na gari likikaa sana linazuia jingine. Vumbi la breki lina chembe za chuma zinazoruka zikiwa na moto kutoka kwenye pedi na diski, zikajipachika kwenye klia. Maji na sabuni peke yake haviziondoi haraka. Basi kijana anachukua brashi ngumu, au stilwaya ya kusugulia masufuria, anamwaga sabuni ya unga na kukandamiza. Rimu inatakata kwa dakika mbili na inabeba mamia ya mistari. Ukanda wa pwani unaongeza mzigo wake: maji ya visima vingi yana chumvi, na yakikaukia kwenye rimu huacha madoa yanayomvuta mtu asugue tena.

Ipo dawa maalumu ya kuyeyusha chembe hizo za chuma. Ikinyunyiziwa hugeuka zambarau inapokutana na chuma, kisha husuuzwa kwa maji bila kusugua. Inagharimu zaidi ya sabuni ya unga, na mwenye sehemu ya kuoshea anayehesabu faida kwa gari haoni sababu ya kuinunua. Wengine hukimbilia dawa zenye asidi. Zile zenye asidi ya hidrofloriki ziepukwe kabisa, kwa kuwa hupenya ngozi na kuumiza hadi ndani, na klia nayo huiharibu.

Fundi anayeijua kazi haanzi na mashine. Anaosha, anakausha, kisha anachukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo na kusugua mahali pa siri, nyuma ya mkono wa rimu. Kitambaa kikitoka cheusi, ile ni alumini tupu na klia haipo, hivyo dawa yake ni nyingine. Kikibaki na rangi ya polishi, klia ipo. Hapa ndipo polishi kali za chuma zinapoleta hasara, maana zimetengenezwa kwa ajili ya chuma kisichopakwa kitu na zikipita juu ya klia huiachia ukungu. Baada ya hapo anapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umekwenda chini mno kwa polishi. Analowesha mahali pale kwa maji: mstari ukipotea kwa muda, uko ndani ya klia na unatibika. Ukibaki palepale umefika kwenye rangi au kwenye chuma.

Kipimo cha unene kinachotegemea sumaku, kile ambacho gereji za bodi hutumia kwenye milango ya chuma, hakisomi kwenye alumini. Kinatakiwa cha aina nyingine, kilichotengenezwa kwa ajili ya metali zisizovutwa na sumaku. Asiye nacho anakisia, na kukisia kwenye mikroni 40 ni hatari.

Kazi yenyewe inakwenda kwa hatua, na uhodari wote uko kwenye kingo. Rangi ya majimaji ikipakwa kwenye ukingo mkali huvutika na kuwa nyembamba pale juu, kwa hiyo klia ya kwenye kingo za mikono ya rimu ni pungufu kuliko ya katikati. Sponji ikipita pale kwa nguvu ileile, fundi anatoboa klia kabla hajajua. Mwenye uzoefu hubandika utepe wa karatasi kwenye kila ukingo, akafanya kazi kwenye uwanda, kisha akautoa utepe na kumalizia kingo kwa kidole na kitambaa. Mashine haikai mahali pamoja, maana klia ikipata joto hulainika. Anaanza na polishi laini kuliko zote na kupanda pale tu inaposhindwa. Msasa ni wa mwisho, tena wa maji: namba 2000 una punje za takriban mikroni 10, namba 1000 karibu 18. Anayeanza na namba 1000 juu ya mkwaruzo mdogo ameleta mikwaruzo mikubwa kuliko aliyoikuta, na kuiondoa kutamla mteja klia iliyobaki.

Kuna rimu ambazo uso wake ulichongwa kwa mashine ya kukereza kabla ya kupigwa klia. Zina miduara myembamba inayotoa rangi za upinde wa mvua. Wateja wengi huidhani ni mikwaruzo na kudai iondolewe. Miduara hiyo iko kwenye alumini, chini ya klia, na polishi haiifikii. Rimu hizo zikiumia sana hurudishwa kwenye mashine inayoongozwa na kompyuta na kukerezwa upya, na kila mara zinapoteza chuma, kwa hiyo haziwezi kurudiwa bila kikomo. Mashine hiyo ni mtaji wa aina nyingine kabisa, na ndiyo inayoigawa biashara hii: wachache wanaokereza, wengi wanaosugua, na katikati gereji za rangi zinazokwangua zote na kupaka upya.

Kupaka upya ndiko kwenye malalamiko mengi. Klia ya kopo la kupuliza hukauka haraka na kupendeza siku hiyo, lakini petroli au tina ikiigusa inalegea. Klia ya kuchanganywa na kigumisho inadumu, ila kigumisho chake kina isosianeti, kemikali inayoweza kumwachia fundi pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haiizuii. Fundi anahitaji barakoa yenye chujio la kemikali na chumba chenye hewa inayotoka, na gharama hizo ziingizwe kwenye bei bila aibu. Bei ya chini inayopatikana kwa mapafu ya kijana wa miaka 20 si bei halali.

Mahitaji hayatapungua. China inaongoza duniani kwa kutengeneza rimu za alumini, na kampuni yake ya CITIC Dicastal, iliyoanzishwa mwaka 1988 Qinhuangdao, ilifungua kiwanda Kenitra nchini Moroko mwaka 2019. Rimu zinaongezeka barabarani kuliko wanaojua kuzitunza. VETA nchini Tanzania tayari inafundisha ufundi wa bodi na rangi, na NITA nchini Kenya inapima mafundi kwa mitihani ya ufundi. Somo la klia ya rimu, pamoja na kipimo chake na kinga ya kifua, linaingia humo bila kuhitaji chuo kipya.

Kwa mwenye gari: polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha mpaka gari lioshwe mara mbili au tatu. Ukienda kuchukua gari lako, lipeleke juani na umwombe fundi aifute rimu kwa spiriti mbele yako. Mistari ikijitokeza tena, usilipe mpaka kazi ifanyike.