Black Star ya Tanga: taarabu iliposhika gitaa

Black Star Musical Club ni kikundi cha Tanga kilichoibadili sauti ya taarabu katika miaka ya 1960 na kuifanya ipendwe mbali na pwani. Kabla yake, kipimo cha muziki huo kilikuwa Unguja. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilifuata mtindo wa Misri: udi, kanuni, fidla, nai, na safu ya wapigaji waliovaa nadhifu. Ulikuwa muziki wa kukaa kitako na kusikiliza.

Tanga ilikuwa na mambo mengine: bandari, reli na mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yakaandamana na reli kupita Muheza hadi Korogwe. Manamba walitoka kila pembe ya nchi, wengine nje yake. Kila kabila lilikuja na ngoma yake, lakini lugha ya wote ilikuwa Kiswahili, na starehe ya wote ikawa dansi. Jamhuri Jazz, bendi kubwa ya Tanga, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo linatosha kueleza mji ulivyokuwa.

Black Star ilichota humo. Wapigaji walipunguzwa. Gitaa la umeme likaingia, pamoja na kodiani au kinanda, bongo na manyanga yenye mwendo wa rumba. Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa gitaa la besi. Udi humfuata mwimbaji kama kivuli. Besi hushika njia yake chini kabisa na kuonyesha mguu ukanyage wapi. Taarabu ikachezeka. Mashairi hayakuguswa: vina, mizani na mafumbo vilibaki palepale, na ndiyo maana mabadiliko hayo yalikubalika haraka.

Sauti hiyo mpya ilisafiri kwa santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja hauzidi dakika chache, hivyo nyimbo nazo zikawa fupi na za kwenda moja kwa moja. Assanand wa Mombasa walizitoa nyingi. Redio ilizifikisha hata kusikofika reli, kama Handeni, na mtindo huo ukaigwa hadi Burundi.

Mwimbaji aliyeupa uso ni Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, mwenye sauti nyembamba isiyotetereka. Macho Yanacheka ni miongoni mwa nyimbo zilizomtangaza. Alifariki dunia mwaka 2016. Kutoka Black Star walijitenga Lucky Star, na baadaye Tanga ikapata Golden Star, White Star na Babloom. Vinanda vya taarabu ya kisasa vya miaka ya 1990 vilikuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Rekodi za Black Star na Lucky Star zilikusanywa katika albamu ya Nyota, iliyotolewa London na GlobeStyle mwaka 1989.