Kosa si la aliyefungua mlango

Wezi wenye bunduki wakiingia nyumba usiku, asubuhi majirani wa Kampemba, hapa Lubumbashi, huja kutoa pole, huuliza kilichoibiwa, kisha kila mtu huenda kazini kwake. Mama mwenye nyumba hubaki na fikra moja: "Ni mimi niliyefungua mlango." Miezi inapita, usingizi hauji, mlango ukigongwa anashtuka, soko ameliacha. Watu husema ana mawazo mengi.

Tiba ya fikra na mwenendo huanzia hapo. Mtoa tiba hamwambii ajikaze wala asahau. Humwuliza: Mama, saa ile ulijua nini? Usingefungua, wasingevunja? Nani alikuja na bunduki? Mama mwenyewe anaipima fikra yake, na mwenendo nao unafuata: anarudi sokoni mchana, kwanza na dada yake, halafu peke yake.

Ushahidi kwamba tiba hii inatufaa ulipatikana hapa hapa Kongo. Huko Kivu, Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walifuatilia wanawake 405 wa vijiji 15, waliofanyiwa au kushuhudia ukatili wa kingono. Wanawake 157 walipata tiba ya aina hii, sehemu kubwa katika vikundi. 248 walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na asilimia 42 katika la pili.

Tofauti hiyo ni kubwa mno, na haikuletwa na madaktari. Watoa tiba walikuwa wasaidizi wa kijamii wenye angalau miaka 4 ya shule baada ya msingi. Akina mama wengi hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kwa kichwa. Lusaka pia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, utafiti wa 2015 kwa watoto 257 walioumizwa na maisha ulitumia washauri wasio wataalamu, nao ukafaulu.

Mwili nao hunufaika. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa tiba ya ndani cha Marekani kilishauri kukosa usingizi kwa muda mrefu kutibiwe kwanza hivi, kabla ya vidonge: kuamka saa ile ile kila siku, kulala usingizi ukija tu, kutoka kitandani ukikataa. Kwa maumivu sugu faida ipo, ingawa ni ndogo. Dawa za presha au kifafa zisiachwe kwa ajili ya tiba hii, na anayesikia sauti zisizokuwepo apelekwe Kituo cha Joseph Guislain hapa Lubumbashi.

Wauguzi wa vituo vyetu wanaweza kufunzwa kazi hii. Lakini watoa tiba wa Kivu hawakuachwa peke yao baada ya mafunzo. Walisimamiwa kwa karibu. Atakayepanga bajeti ya Kampemba aanze na mshahara wa msimamizi wa namna hiyo.