Kwa Nini Jibu Hukimbia Unapoulizwa

Kijana wa Kaloleni aliyesomea uhasibu anaitwa kwenye mahojiano ya kazi katikati ya mji wa Kisumu. Anaketi mbele ya jopo la watu watano, anaulizwa jambo alilolisoma jana usiku akalielewa barabara, na hapati hata neno la kuanzia. Viganja vimelowa, koo limekauka, macho yameng'ang'ania chupa ya maji iliyo mezani. Nusu saa baadaye, akiwa ndani ya tuktuk kurudi nyumbani, jibu lote linamjia, tena kwa mpangilio mzuri. Watakaomsikia akisimulia watasema hakujiandaa, au kwamba woga amezaliwa nao. Ushahidi wa sayansi unaelekeza kwingine. Kijana huyo alijiandaa, ila alijiandaa kujua, na pale mezani alitakiwa kukitoa anachokijua huku watu wakimpima. Hizo ni kazi mbili, na ya pili hufundishika kama ilivyofundishika ya kwanza.

Hofu hiyo imewahi kutengenezwa maabarani kwa makusudi. Mwaka 1993, Clemens Kirschbaum na wenzake katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo tangu hapo limetumiwa na watafiti wengi wa mfadhaiko. Anayepimwa huambiwa ajifanye anaomba kazi. Hupewa muda mfupi wa kupanga maneno, kisha husimamishwa mbele ya watu waliovaa makoti meupe, wasiotabasamu wala kutikisa kichwa, awaeleze kwa dakika tano kwa nini anaifaa kazi hiyo. Akinyamaza mapema, wanamtazama tu. Halafu huamriwa ahesabu kurudi nyuma kuanzia 1,022 kwa kutoa 13 kila mara: 1,009, 996, 983, na kuendelea. Akikosea, anarudishwa mwanzo. Kwa watu wengi kortisoli, ambayo ni homoni ya mfadhaiko, hupanda kufikia mara mbili hadi nne ya kiwango cha awali. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walizikusanya tafiti 208 ili waone ni nini hasa kinachoipandisha homoni hiyo. Ugumu wa kazi peke yake haukutosha. Kilichoipandisha kuliko vyote ni mambo mawili yanapokutana: kuwa mbele ya watu wanaokupima, na kutokuwa na uwezo wa kuyaongoza yanayokupata. Ukitazama kwa makini, meza ya mahojiano, kizimba cha shahidi na ubao wa darasani vyote vina mambo hayo mawili.

Ndani ya mwili, adrenalini hutangulia. Moyo huanza kwenda mbio ndani ya sekunde chache, kijasho kikatoka, pumzi zikawa fupi. Kortisoli huja taratibu na kufikia kilele dakika 20 hadi 30 baada ya kisa kuanza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hulishikilia swali huku ikitafuta jibu, hufanya kazi vibaya kemikali hizi zinapozidi, na sehemu zinazochimbua kumbukumbu nazo huathirika. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani, Sabrina Kuhlmann, Marcel Piel na Oliver Wolf, waliwapitisha watu kwenye jaribio la Trier siku moja baada ya kuwafundisha orodha ya maneno. Walikumbuka machache kuliko walivyokumbuka siku isiyo na mfadhaiko, hasa yale maneno yenye uzito wa hisia. Lakini utafiti uliofuata mwaka 2006 ndio unaostahili kusomwa na kila mtu anayeketi kwenye jopo. Kuhlmann na Wolf waliwapa wanawake wenye afya kortisoli ya kumeza, kisha, katika hali tulivu isiyo na shinikizo la mtihani, wakawauliza maneno waliyojifunza. Athari ile haikuonekana, ingawa homoni ilikuwa mwilini. Hapo tunapata maelezo ya yale ya ndani ya tuktuk: huenda kortisoli bado iko juu, ila anayekupima hayupo tena. Jibu halikupotea hata kidogo. Lilifungiwa na hali ya chumba.

Kama tatizo liko katika kutoa, basi mazoezi nayo yawe ya kutoa. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Amy Smith, Victoria Floerke na Ayanna Thomas wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, uliofanywa kwa watu 120. Wote walijifunza maneno na picha. Nusu walirudia kuvisoma, na nusu walifunga walichokuwa wakisoma wakajilazimisha kukumbuka, tena na tena. Kesho yake baadhi yao walitakiwa kuhutubia na kupiga hesabu mbele ya watu. Waliorudia kusoma walipoteza sehemu ya walichojifunza walipobanwa. Waliojizoeza kukumbuka hawakuyumba. Si kila utafiti wa baadaye umetoa matokeo makubwa namna hiyo, lakini kwamba kujiuliza hudumisha kumbukumbu kuliko kusoma upya ni jambo lililothibitishwa mara nyingi mno katika saikolojia.

Sasa tazama shule zetu. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, hupimwa stadi za kuzungumza katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza, na hupimwa kwa kuandika. Fasihi simulizi ya Kiswahili, ambayo uhai wake wote uko mdomoni, hujibiwa kwa kalamu kimyakimya. Anayechukua Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu ndiye huketi na mtahini wakazungumza ana kwa ana. Yaani nchi imekubali kwamba lugha ya kigeni hupimwa kwa mdomo, na lugha mbili rasmi za taifa zikaachiwa karatasi. Kijana anaweza kupita darasa baada ya darasa bila kufanya mtihani hata mmoja wa kusema, kisha wa kwanza ukawa ule wa kumpa au kumnyima riziki. Kumlaumu kwa kubabaika siku hiyo si haki.

Kisumu ina mzigo mwingine juu ya huo. Nyumbani ni Dholuo, barabarani na sokoni Kibuye ni Kiswahili, na kwenye jopo ni Kiingereza. Mwaka 2000 Viorica Marian na Ulric Neisser walionyesha, kwa wahamiaji wanaosema Kirusi na Kiingereza, kwamba mtu huyakumbuka zaidi mambo ya maisha yake akiulizwa katika lugha iliyotumika yalipotokea. Swali linalopendwa na majopo ni hili: tueleze siku ulipotatua mgogoro kazini. Mgogoro wenyewe ulitatuliwa kwa Dholuo, labda kwa kumtania mzee mmoja hadi akacheka, na sasa unadaiwa kwa Kiingereza rasmi ndani ya sekunde chache. Mtu huyo anachimbua na kutafsiri kwa wakati mmoja, huku moyo ukimdunda. Dawa yake inajulikana. Kabla ya siku ile, ayasimulie visa vyake vitatu au vinne kwa sauti, katika lugha atakayoulizwa, mbele ya mtu atakayemkatiza katikati. Kuvipitia kichwani kwa Dholuo hakutamsaidia sana.

Wako watakaosema kwamba la kwanza ni kutulia, maneno yatafuata. Kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi kunasaidia kweli kupunguza kasi ya moyo, na hakugharimu kitu. Lakini kumwamuru mtu atulie akiwa tayari amewaka ni kumwongezea kazi nyingine ya kushindwa. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliwalinganisha watu waliojiambia wametulia na waliojiambia wana hamu na msisimko kabla ya kuhutubia. Wale wa hamu walionekana na wasikilizaji kuwa wanashawishi zaidi. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich nao, mwaka 2003, waliwaambia baadhi ya wahutubu jambo moja tu: woga wenu hauonekani nje kama mnavyodhani. Waliolijua hilo walihutubu vizuri zaidi kuliko waliotulizwa kwa maneno ya jumla. Ni ukweli wa kumpa kila mtoto, kwa kuwa nusu ya balaa la kubabaika ni kuogopa kwamba wote wameona.

Pingamizi zito zaidi hutoka upande wa pili wa meza: shinikizo hufichua mtu halisi, kwa hiyo anayevunjika hafai. Kwa kazi chache ni sawa. Mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno anayezunguka wodi za Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga siku moja atatakiwa kuamua haraka mgonjwa akizidiwa, na maswali ya ghafla kando ya kitanda ni sehemu ya malezi yake. Hata hapo, yafaa kumfunza, si kumfedhehesha mbele ya mgonjwa. Mhasibu je? Kazi yake ni kukagua kwa subira. Ukimpima kwa kumtisha, umepima kitu ambacho kazi haikihitaji. Baya zaidi, tunaisoma hofu kama uongo. Charles Bond na Bella DePaulo walipojumlisha tafiti za kutambua waongo, mwaka 2006, watu walipatia kwa asilimia 54 tu, karibu sawa na kubahatisha. Shahidi anayegugumia mahakamani na mwombaji anayekwepa macho kwenye jopo huenda wanasema kweli tupu. Kwa mshukiwa, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kinga: Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza. Mwomba kazi hana kinga kama hiyo.

Na wengine watauliza kama mazoezi hayatengenezi kasuku. Yatatengeneza, ikiwa mtu anakariri majibu. Afanye mazoezi ya maswali badala yake, yabadilishwe mpangilio, yaulizwe vibaya, yaongezwe asilolijua. Wazee walilielewa hili. Watoto wa Kiluo walikusanyika jioni katika siwindhe, nyumba ya nyanya, wakasimuliana na kuulizana. Na katika vitendawili vya Waswahili, aliyeshindwa hutoa mji, mchezo ukaendelea bila kumvunjia heshima. Huo ni mtihani wa kumbukumbu mbele ya watu, wenye njia ya heshima ya kutojua. Kikundi cha vijana au chama cha akina mama kinaweza kutenga robo saa ya kila mkutano kuulizana hivyo. Kwenye jopo nako, aliyekwama alirudie swali kwa maneno yake, aanze na kipande anachokijua, na asichokijua aseme hakijui na namna atakavyokitafuta. Kwa wachache ambao hofu ya kuulizwa huwafanya wakwepe kazi, darasa au hospitali kwa miezi, mazoezi haya hayatoshi. Hiyo ni hali inayotibika, na wamwone mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa Baraza la Mitihani, KNEC, ombi ni kwamba Kiswahili na Kiingereza vipewe mtihani wa kusema kama kilivyopewa Kifaransa. Kwa walimu na wanajopo, mfuateni Mary Budd Rowe, aliyerekodi masomo ya sayansi Marekani miaka ya 1960 na 1970 akakuta walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kusema. Mkishauliza, nyamazeni kwa sekunde tatu.