Mipira ya Land Rover Kuukuu: Milangoni na Katika Springi za Mbele

Mkulima anayetaka kununua Land Rover kuukuu hutazama kwanza injini, kisha magurudumu, kisha rangi. Mipira haitazami. Hatusemi habari za tairi, maana tairi kila mtu huziona. Twasema habari za mipira inayoziba milango, na ile iliyofichwa ndani ya macho ya springi. Land Rover za Series II, IIA na III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1958 hata 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kati yao imepita miaka 40. Bati la bodi yake halishiki kutu, kwa kuwa ni la aluminiamu, na chesisi ikitunzwa hudumu. Lakini mpira hufa. Jua huukausha, vumbi huusaga, na mafuta ya injini huulainisha mpaka ukawa kama uji. Mara nyingi mwenye gari hununua springi mpya au usukani mwingine, na kumbe kilichokufa ni kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

Tuanze na milango, maana kazi yake ni nyepesi. Katika barabara za murram vumbi huingia penye kila ufa, na katika mvua za Machi hadi Mei maji hufuata njia ile ile. Watu husema, "Land Rover ni gari la kazi, acha livuje." Maneno hayo si ya kufuatwa. Ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva ni wa chuma, si aluminiamu, na maji yanayopenya chini ya kioo cha mbele au katika vile vidirisha viwili vya hewa hushuka mpaka chini ya mikeka. Hapo hukaa, na chuma huoza bila kuonekana. Kutengeneza ukuta ule ni kazi ya kuchomelea ya siku nyingi; mpira wa kuziba ufa ule ni kazi ya asubuhi moja.

Mlango wa nyuma una hatari nyingine. Gari likitembea, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kurudi mbele, na moshi wa injini huja pamoja nayo. Mpira wa mlango ule ukiwa umekatika, moshi huvutwa ndani, hasa madirisha ya mbele yakifungwa kwa sababu ya baridi. Ndani ya moshi mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Abiria waliokaa nyuma wakianza kuumwa na kichwa, kusinzia au kutaka kutapika, simamisha gari, uwatoe nje wapate hewa safi, na usiendelee mpaka bomba la moshi na mpira wa mlango vimetazamwa.

Ili kujua mahali palipo wazi, ingia garini usiku na taa ya tochi, na mtu mwingine azunguke nje akitazama mwanga unapotokea. Au funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute: kikitoka bila kushikwa, mpira haugusi. Lakini kabla ya kununua mpira tazama bawaba. Mlango ulioshuka hauwezi kuzibwa na mpira wowote, na mtu akiweka mpira mnene zaidi ili kuficha upungufu ule, mlango hautafungika vema na utafunguka njiani.

Bandua mpira wa zamani, kwangua gundi yote, sugua kutu kwa brashi ya waya, upake rangi na kuiacha ikauke kabisa. Ukitumia mafuta ya taa kuondoa gundi, osha baadaye kwa maji ya sabuni, kwa sababu mafuta ni adui wa mpira. Unapobandika mpira mpya usiuvute. Ukivutwa utaonekana umenyooka vizuri siku hiyo, lakini baada ya juma moja utarudi urefu wake na kuacha ufa penye pembe. Usizibe vitundu vilivyo chini ya mlango, maana ndipo maji yanapotokea.

Sasa tuje kwenye springi za mbele, ambako kosa laweza kuua.

Springi ya Land Rover hii ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ncha moja imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi. Ncha ya pili inaning'inia kati ya vibao viwili vya chuma, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobanwa. Kila bolti hupita ndani ya bushi. Bushi ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba jingine, na kati yao mpira ulioshikamana na yote mawili. Kila springi ina bushi 2 katika macho yake na 1 katika chesisi, basi kwa mbele ni 6.

Mpira huo ukifa, ekseli haikai mahali pake. Gari hutangatanga barabarani, usukani hutetemeka, na ukikanyaga breki gari huvuta upande. Mwambie mtu ageuze usukani kushoto na kulia, gari likiwa chini na injini imezimwa, nawe utazame macho ya springi. Ukiona jicho linacheza kabla gurudumu halijageuka, bushi imekwisha. Lakini usihukumu haraka. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki huku ukitikisa tena. Mchezo ukiisha, kasoro i katika beringi ya gurudumu. Usipoisha, i katika kingi pini. Hapo bushi mpya hazitakusaidia kitu.

Katika kuinua gari, jua kwamba breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti inayokwenda nyuma, na gari laweza kusogea kidogo hata ikiwa imevutwa. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kisha weka chesisi juu ya stendi imara za chuma. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama ni kuokota spana.

Jeki iache chini ya ekseli, ili uweze kuipandisha na kuishusha kidogo kidogo. Ukifungua shokabzoba bila kuishikilia ekseli, itaanguka na kuvuta mpira wa breki mpaka ukatike. Fanya upande mmoja kwanza, umalize, ndipo uende wa pili.

Kutoa bushi za zamani katika chesisi ndiko kunakochosha. Kutu imezishika kama saruji. Mafundi wengine huzichoma kwa moto, nasi hatukubali, kwa sababu tangi la petroli katika magari mengi ya namna hii li chini ya kiti cha mbele. Toboa mpira kwa keekee mpaka bomba la ndani litoke, kisha pitisha msumeno wa chuma ukate bomba la nje kwa urefu, bila kugusa chesisi. Likisha kukatwa hulegea na kugongwa nje. Bushi mpya isukumwe kwa bomba linalobana ukingo wake wa nje tu. Ukigonga katikati unautenganisha mpira na chuma.

Springi ya dereva na ya abiria si lazima ziwe sawa. Katika nyingi, ya dereva ina nguvu zaidi kwa kuwa yeye na tangi wako upande mmoja. Ziwekee alama kabla ya kuzitoa. Wakati wa kurudisha, hakikisha kichwa cha bolti ya katikati ya springi kimeingia katika tundu lake kwenye ekseli, kisha zirudishe zile bolti zilizopindwa kama kwato. Kichwa kile kisipoingia, ekseli itakaa mshazari.

Na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Usikaze kabisa bolti za bushi magurudumu yakiwa yananing'inia. Bolti ikikazwa hulishika bomba la ndani lisizunguke, na kutoka hapo mpira wenyewe ndio unaojipinda kila springi inapopanda na kushuka. Ukiukaza gari likiwa juu, kisha ulishushe, mpira utakuwa umekwisha kupindwa kabla gari halijatembea, nao utapasuka mapema. Basi kaza kwa mkono tu, weka magurudumu, shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma mara chache ili springi ikae, ndipo ukaze kwa nguvu pamoja na nati za kufungia.

Baada ya siku chache za kazi kaza tena bolti za kwato, maana mabamba mapya hujipanga na kuziacha zimelegea. Kama tairi za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja, mpelekee fundi apime jinsi magurudumu yanavyoelekea, na apime baada ya bushi kuwekwa, si kabla.