Mahali pembe nne zinapokutana

Wiki za kuelekea tarehe 8 Machi, mafundi wa nguo wa Bagira, mjini Bukavu, Kongo, huchelewa kulala. Wanawake wa parokia, wa sokoni na wa ofisini wanataka vitenge vyao vya sare viwe tayari kwa siku yao. Septemba huwa zamu ya watoto wa shule, bluu na nyeupe. Misimu yote miwili huacha kitu kilekile chini ya meza: vipande vidogo, vizuri, visivyotosha hata mkono wa blauzi.

Vinatosha shuka. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Ziwa Kivu hupoa, kwa hiyo shuka zito la viraka lina kazi. Kinachowashinda wengi ni unene. Hata fundi hodari wa magauni huona sindano ikikatika pale miraba minne inapoungana.

Hesabu yake ni hii. Shona miraba miwili, kisha mingine miwili, halafu unganisha jozi hizo kwa mshono mmoja mrefu na kuulaza. Ikiwa mishono ya jozi zote mbili imelala upande mmoja, upande huo wa kiungo hubeba tabaka 9 za kitambaa, na wa pili 3. Laza mshono wa jozi ya kwanza kulia na wa pili kushoto, mzigo unagawanyika: 7 na 5. Ukiifungua mishono yote kwa pasi, ukingo mmoja ukilala kila upande, kila pembe inabaki na tabaka 4 tu.

Kazi kubwa, basi, ni ya pasi. Umeme wa Bukavu hukatika mara kwa mara, kwa hiyo pasi ya makala bado ina heshima yake, na uzito wake hapa ni faida. Ishushwe juu ya mshono, ikandamize, inyanyuliwe. Ikisukumwa huku na huko, kipande kidogo huvutika na mraba hupinda.

Kulaza kulia na kushoto kuna faida nyingine: kingo mbili hujifunga zenyewe, pembe zikakutana bila pini nyingi. Kwa kiungo cha mishono minane, kama cha nyota, ni afadhali kufungua, na hatua za mashine ziwe fupi ili mshono usiachie.

Vipande vidogo havisamehe vipimo. Mraba uliokatwa sentimita 4, ukiachiwa milimita 6 za mshono kila upande, hubaki sentimita 2.8. Ukizidisha milimita 1 tu kila upande wa mshono, safu ya vipande tisa, yenye mishono minane, hupungua milimita 16 na haitalingana na jirani yake. Anza kushona juu ya kitambaa cha taka, mashine isije ikameza pembe; ukifika penye kiungo, zungusha gurudumu kwa mkono.

Shule za ufundi za Kongo zina idara ya coupe et couture, yaani ukataji na ushonaji, na huko Panzi, katika jiji hilohilo la Bukavu, kituo cha Maison Dorcas hufundisha wanawake ushonaji. Somo la viraka lingestahili nafasi mahali kama hapo, kwa sababu malighafi yake tayari iko sakafuni.

Wasidi wa Karnataka, India, wazao wa Waafrika, wengi wao wenye asili ya Afrika Mashariki, walikwepa tatizo la unene kwa njia nyingine. Katika shuka zao za viraka, ziitwazo kawandi, vipande vya nguo kuukuu hukunjwa kingo na kushonwa kwa mkono juu ya kitambaa cha chini, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Hakuna kiungo cha pembe nne, na mashine haihitajiki.

Kitambaa kizito cha sare za shule kina adabu yake. Mara nyingi kina poliesta, hivyo pasi ipoe kidogo kabla ya kukigusa, na nafasi yake iwe kwenye pindo, penye mishono michache. Na shuka linapofungwa pamoja na bitana yake, mafundo ya uzi yakae katikati ya miraba, mbali na viungo.